Mbwa Anaumia Usiku, Daktari Yuko Mchana

Grupu la mtaa wetu hulala saa nne, isipokuwa mbwa wa mtu akianza kutapika. Hapo utaona ujumbe: "Jamani, nani ana namba ya daktari wa mbwa anayepokea simu saa hizi?" Namba zinarushwa, moja ya muuza duka la dawa za mifugo, nyingine ya bwana mifugo aliyehamishwa kata zamani. Huku ushauri unamiminika: mpe maziwa, mpe yai bichi, saga mkaa, mnyweshe mafuta ya kula. Asubuhi mwenye mbwa anaandika tu, "Ametutoka," na watu wanampa pole.

Nabishana sana na wanaosema matibabu ya dharura kwa wanyama ni anasa ya watu wa Masaki. Mbwa wengi wa Dar es Salaam hawakuletwa nyumbani wabembelezwe. Mchana wanashinda bandani, usiku wanafunguliwa walinde. Mwizi mzoefu analijua hilo, ndiyo maana kabla ya kuruka ukuta anatupa nyama yenye sumu. Basi mbwa huyu anaumia akiwa zamu, saa zilezile ambazo kliniki nyingi zimefungwa. Ambaye televisheni yake haikuibwa kwa sababu mbwa huyo alibweka hana uso wa kusema "ni mbwa tu".

Hiyo sumu yenyewe mara nyingi ni dawa ya wadudu ya shambani. Mbwa anatokwa mate kama povu, misuli inamtetemeka, anajinyea, kisha degedege. Kwa sumu za jamii hiyo ipo atropini, sindano ya siku nyingi ambayo daktari wa mifugo yeyote anaijua, maana ng'ombe nao hudhurika na dawa za kuogeshea. Kinachokosekana ni mtu wa kuidunga ndani ya saa ile. Maziwa hayaiondoi sumu hii. Mbaya zaidi, mnyama mwenye degedege hawezi kumeza, na ukimlazimisha, maziwa yanaingia mapafuni. Akipona sumu anaweza kufa kwa nimonia. Sumu ya panya ni habari nyingine kabisa, kwa sababu aina nyingi huzuia damu isigande, na mbwa anaweza kuonekana mzima siku kadhaa kabla hajaanza kuvuja damu puani. Huyo anahitaji vitamini K, si atropini. Kwa hiyo kabla ya kuomba ushauri kwenye grupu, chukua tochi utafute pakiti. Daktari akiiona pakiti anajua aanzie wapi.

Paka wana balaa lao. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hakitoki kitu, watu husema amefunga choo na kumpa mafuta. Mara nyingi ni mkojo ulioziba, na ndani ya siku mbili tatu anakufa. Nusu kidonge cha parasetamo, kilekile unachokunywa ukiumwa kichwa, kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama lako. Na wale wanaompulizia paka dawa ya kupe ya ng'ombe, naomba waache leo.

Wenye nyumba karibu na mapori, huko Bunju na Kigamboni, wanamjua swila atemaye sumu machoni. Hapa kuna habari njema kidogo: huduma ya kwanza ni maji safi, mengi, robo saa nzima, kisha daktari siku hiyohiyo alitazame jicho. Wala usipake mafuta wala majani. Na ukimsaidia mbwa usiyemjua akakung'ata, hata kama ana maumivu tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, hakuna anayekurudisha.

Sasa, kwa nini kliniki zimefungwa? Watu wanawalaumu madaktari, na hapa mimi nasimama upande wa madaktari. Nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 lazima mafunzo yake, bajeti yake na maafisa wake wa kata waelekee kwa ng'ombe, na sioni ubaya. Mbwa na paka wa mjini wameachiwa madaktari binafsi, na hao wanaishi kwa chanjo, dawa za minyoo na kuhasi. Lakini wengi wetu sindano tunanunua dukani na kumpa kijana wa mtaani adunge. Daktari tunamkumbuka saa nane usiku, mbwa akishalala chali, na hapo tunaanza kupunguziana bei kama tuko Kariakoo. Kukesha kunahitaji msaidizi, jokofu lenye umeme, dripu, jenereta. Anayelipwa tu siku mnyama anapokata roho hawezi kuvigharamia.

Ninachopendekeza ni zamu. Kliniki za upande wa Kinondoni na Ubungo, kwa mfano, zinaweza kupokezana usiku mmoja mmoja kwa namba moja ya simu, na bei ya kumwamsha daktari ikatangazwa wazi na kulipwa kwa simu kabla hajawasha gari. Wapo watakaosema ni ghali. Waseme, lakini waseme mchana, kila mtu aamue mapema kama ataweza. Baraza la Veterinari nalo lingeweza kuagiza kila kliniki inayofunga jioni ibandike mlangoni jina la mwenzake aliye zamu. Hilo halihitaji fedha za wafadhili.

Zamu hiyo si ya kuokoa tu. Mbwa aliyevunjwa mgongo na daladala pengine hana tiba, na kazi ya daktari usiku huo ni sindano ya kumlaza moja kwa moja. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini kwa sasa kazi hiyo anaachiwa mlinzi na rungu, naye hakuajiriwa kwa hilo.

Usafiri nao ni kisirani. Madereva wa bajaji wengi wakiona mbwa wanaondoka. Anayekubali mtunzie namba na umlipe vizuri. Paka anasafiri salama kwenye tenga la kuku lililofunikwa khanga. Mbwa aliyegongwa mwingize juu ya ubao au blanketi bila kumkunja, na usimfunge mdomo kama anatapika au anahema kwa shida.

Kabla zamu hizo hazijaanzishwa, mpigie daktari wako mchana, siku ambayo hakuna anayeumwa. Muulize kama hutoka usiku, anatoza kiasi gani, na asipotoka yeye anakuelekeza kwa nani. Majibu mpe pia mlinzi na dada wa kazi, pamoja na ruhusa ya kupiga simu bila kukusubiri wewe uamke.