Acheni Kukaza Regulata: Presha ya Mafuta Haiongezi Nguvu

Ombi ninalolisikia mara nyingi gari lililobadilishwa linapoingia gereji hapa Nairobi ni hili: "Fundi, niongezee presha ya mafuta kidogo, naona haivuti." Mwenye gari ameshafunga turbo (feni inayoisukumia injini hewa) kubwa zaidi, ameweka ekzosi pana, na amenunua regulata, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, yenye skrubu huko Kirinyaga Road. Fundi anachukua spana, anakaza, mlio wa injini unabadilika, pesa zinalipwa. Gari linaondoka bila mtu yeyote kupima kitu.

Msimamo wangu ni kwamba kazi ya namna hiyo inaharibu injini nzuri za watu. Presha ya mafuta huwekwa mahali pake ikaachwa. Wingi wa mafuta ni kazi ya kompyuta ya gari, na kompyuta haiwezi kuifanya vizuri kama presha inachezewa kila wiki.

Hesabu yenyewe haiko upande wa anayekaza. Injekta nyingi za petroli, zile vali ndogo zinazonyunyiza mafuta, hukadiriwa kwa tofauti ya bar 3 kati ya presha ya reli ya mafuta (bomba linalozilisha) na presha ya ndani ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda). Ukiipandisha hadi bar 4 umeongeza presha kwa theluthi nzima, lakini mafuta yanayopita yameongezeka kwa takriban asilimia 15 tu, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Anayetaka mafuta maradufu kwa njia hiyo angehitaji bar 12, na pampu ya kawaida ya ndani ya tangi haifiki huko. Isitoshe, kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyosukuma lita chache kwa saa. Kwa hiyo unaweza kukaza skrubu, ukaona geji imesimama vizuri gari likinguruma pale gereji, kisha presha ikaanguka ukiwa umekanyaga hadi chini kwenye Thika Road, wakati silinda zinahitaji mafuta kuliko wakati mwingine wowote.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Gari likitembea kwa utulivu, sensa ya oksijeni humwambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua, na kompyuta hurekebisha. Ukiongeza presha, inafupisha muda wa kufungua injekta na kurudi palepale ilipokuwa. Ukikanyaga hadi mwisho, magari mengi huacha kusikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali lililoandikwa. Hapo ndipo ile presha ya ziada inamwaga mafuta yasiyohesabiwa: moshi mweusi, plagi nyeusi, oili iliyooshwa kwenye kuta za silinda, katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) iliyokufa. Mwenye gari ananuka petroli na kudhani hiyo ndiyo nguvu.

Sasa tuzungumzie Nairobi yenyewe, maana hapa ndipo naona makosa yanapozaliwa. Mji huu uko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni 101. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kwa takriban asilimia 18. Hewa ikipungua, mafuta yanayohitajika hupungua pia. Injini ambayo "haivuti" kwenye mlima wa Limuru kwa kawaida haijakosa mafuta, imekosa hewa, na kuimwagia petroli ni kuizamisha.

Kimo hiki hupotosha hata vipimo vya fundi mwangalifu. Vitabu vingi vya gari vimeandikwa kwa watu wanaoishi karibu na bahari. Fundi akifunga geji ya vakyumu (kiasi ambacho presha ya ndani iko chini ya ile ya hewa ya nje) kwenye manifoldi hapa, atasoma namba ndogo kuliko ya kitabuni hata kama injini ni nzima. Regulata ya kawaida, ile yenye mpira mwembamba unaokwenda manifoldi, hushusha presha ya reli kwa kiasi cha vakyumu iliyopo. Kwa hiyo gari likinguruma bila kukanyagwa, reli itasoma kama bar 2.5 Nairobi na pungufu kidogo ya hapo Mombasa, ilhali tofauti ya presha kwenye mdomo wa injekta ni ileile. Asiyelijua hilo anaanza kutibu gari lisilougua. Njia safi ni kuchomoa ule mpira, kuuziba, kisha kusoma geji: iwe bar 3, au namba ambayo mtengenezaji ameiweka. Rudisha mpira, funga nati ya skrubu, usiiguse tena. Zima injini uone kama presha inashikilia. Ikianguka papo hapo, kuna injekta inayovuja, valvu ya pampu iliyochoka au regulata mbovu.

Kwenye turbo mpira huo huo unafanya kazi kinyume. Turbo ikisukuma bar 1, regulata hupandisha reli hadi bar 4 ili tofauti ibaki 3. Pampu lazima iweze kutoa mafuta ya kutosha kwa bar 4, na ndiyo maana napima umeme wake kabla ya kulaumu kingine. Nyaya za gari la miaka mingi hupoteza volti njiani. Pampu inayopata volti 11 na kitu badala ya zaidi ya 13 inazunguka kinyonge. Mara nyingi relei mpya na waya mnene kutoka kwenye betri huleta mafuta ambayo mtu alikuwa anayatafuta kwa spana.

Kama injekta ni ndogo kweli, nunua kubwa. Ukubwa haukisiwi. Injini ya silinda nne yenye turbo, unayotaka itoe nguvu farasi 200, inahitaji injekta za takriban sisi (sentimita za ujazo) 400 kwa dakika kila moja ikiwa hutaki zikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda. Kiwango hicho kina sababu. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, mzunguko mzima wa kazi ya silinda ni milisekunde 20 tu. Injekta ikihitaji 19 kati ya hizo haina nafasi ya kufunga na kufungua kwa uhakika.

Hapa kuna mtego wa wakazi wa mji huu ambao sijasikia ukizungumzwa vya kutosha. Injini isiyo na turbo iliyotuniwa Nairobi ikitumia asilimia 80 ya injekta zake, ikishuka hadi Mombasa inapata hewa nzito zaidi. Hata ukitoa kile ambacho joto la Pwani linapunguza, injekta hizo zitapita asilimia 90. Kama kompyuta inasoma pembe ya kanyagio peke yake bila kupima hewa, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu haitajua kwamba hewa imeongezeka. Mafuta yatapungua bila onyo na pistoni ndizo zitakazolipa.

Kubadilisha injekta bila kugusa programu ni kosa jingine. Injekta haifunguki papo hapo inapopewa umeme. Huchelewa kidogo, mara nyingi karibu milisekunde moja, na kuchelewa huko hubadilika kwa volti ya betri na kwa presha ya mafuta. Gari likinguruma, injekta hufunguliwa milisekunde mbili au tatu tu, kwa hiyo namba hiyo ikikosewa utapata injini inayotetemeka na kuzimika kwenye foleni ya Mombasa Road. Ndiyo maana injekta za bei nafuu zisizokuja na data nazikataa. Na za ex-Japan zisafishwe kwa mashine na zipimwe pamoja, silinda moja isije ikanyimwa huku nyingine zikishiba.

Wapo wanaodanganya sensa ya hewa ili injekta kubwa zikubalike. Huo ndio ujanja ninaouogopa kuliko yote. Kompyuta ikiambiwa hewa ni kidogo kuliko ilivyo, itaamini injini haina mzigo na kuwahisha cheche. Turbo nyingi za Subaru tulizonazo zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili bila kulipuka mapema) karibu 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Cheche iliyowahi, joto la turbo inayofanya kazi ya ziada kwenye hewa hii nyepesi, na oktani pungufu: injini inagonga ndani kwa ndani hadi pistoni inapasuka.

Najua jibu nitakalopewa: vijana hawana pesa za sensa pana ya oksijeni, ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta, na saa kadhaa za mtu mwenye kompyuta. Nawaelewa. Lakini sensa hiyo na geji yake ni bei ndogo kuliko injini nyingine, na marafiki watatu wanaweza kununua moja wakapokezana. Bila hiyo hakuna anayejua kama gari linachoma hewa 11.5 kwa mafuta moja au 14 kwa moja chini ya mzigo, na pua haiwezi kutofautisha.

Kwa hiyo unapolipia kazi hii, mwombe fundi akuandikie karatasini presha ya msingi mpira ukiwa umechomolewa, ukubwa wa injekta, asilimia ya juu kabisa ya muda inaokaa wazi kwenye mizunguko ya mwisho, na uwiano wa hewa na mafuta ukiwa umekanyaga hadi chini. Na kama unashuka Pwani Desemba, mwambie kabla hajaanza.