Tulishinda, Hata Kama Klipu Inasema Vingine

Kabla hamjaendelea kunitumia ile klipu ya kuvuta kamba, naomba iingie vichwani: tulishinda. Ndiyo, aliyekaa ndani ya bwawa la watoto akiwa na mabuti ni mimi. Ndiyo, wale bata wa njano ni wangu. Lakini kikanuni tulishinda, na leo nathibitisha.

Aliyeisambaza simtaji, anajijua. Alikuwa mtu wa mbele kabisa kwenye kamba yetu, ndiyo maana aliangukia pakavu na akapata nguvu ya kwenda kukata video ianzie pale ambapo mimi niko tayari hewani. Mtu akiona hivyo atadhani nilijirusha tu kwa raha zangu.

Basi ilikuwa siku ya michezo ya familia, likizo, jua linapiga utosini. Watoto walishamaliza mbio za magunia, wameshakimbia na mayai kwenye vijiko, wameshamwagiana maji mpaka wamechoka. Ndipo wakaja na lao: wababa tuvutane kamba na watoto wote pamoja na mama zao.

Wenzangu walicheka. Mimi nikatoa mhadhara. (Mnaonijua mnajua.) Nikawaeleza kwamba kuvuta kamba si mzaha, ulikuwa mchezo wa Olimpiki tangu Paris 1900 hadi Antwerp 1920. Nikawaeleza kwamba London mwaka 1908 timu za polisi wa Uingereza zilizoa medali zote tatu, na Wamarekani wakalalamika kwamba polisi wa Liverpool walivaa viatu vizito mno. Sasa mnaelewa kwa nini katika joto lile wenzangu walikuwa na kandambili na mimi nilikuwa nimefunga mabuti ya kazi hadi juu ya vifundo.

Sikuishia hapo. Nikasema timu rasmi ina watu 8 na mshindi ni anayewavuta wenzake mita 4. Nikasema nguvu haitoki mikononi, inatoka nyayoni, unalala nyuma na kusukuma ardhi. Na yule wa mwisho anaitwa nanga: yeye peke yake ndiye anaruhusiwa kuipitisha kamba mwilini, chini ya kwapa, mgongoni kimshazari, kisha juu ya bega la pili. Nikajiteua nanga. Hakuna aliyegombea nafasi na mimi.

Binti yangu, nahodha wa upande wa pili, alisikiliza yote kwa utulivu ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili. Akauliza swali moja tu.

"Baba, na timu ikiachia kamba?"

"Hakuna timu inayoachia kamba, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunong'ona na wenzake.

Refa alikuwa mama mkwe. Filimbi mdomoni, kitambaa chekundu kimefungwa katikati ya kamba, mistari imechorwa chini. Akapuliza. Tukalala. Jamani, tulilala vizuri! Kitambaa kikaanza kuja kwetu kidogo kidogo, watoto wanapiga kelele, mama zao wanateleza, nami huko nyuma nahesabu kwa sauti, "vuta! vuta!" Nilijisikia kabisa polisi wa Liverpool.

Halafu nikasikia sauti nyembamba: "Sasa!"

Hebu twende taratibu hapa, maana klipu imepita mbio.

Kwanza kamba ikawa nyepesi. Ile sekunde ya mwanzo nilifurahi, wallahi, nikadhani nguvu zangu zimewashinda kabisa. Kisha nikamwona wa mbele amekaa chini. Wa pili akamkalia wa tatu. Wote wanaanguka kwa mpangilio kuja upande wangu, na mimi siwezi kuiachia kamba kwa sababu nimejivisha mwenyewe, kwapa, mgongo, bega, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Nikaanza kurudi kinyumenyume. Miguu ilijitahidi, siilaumu. Buti la kulia, buti la kushoto, buti la kulia, kila hatua ndefu kuliko iliyotangulia, na mbele yangu naona nyuso za watu zinabadilika kutoka kicheko kwenda kwenye ile sura ya mtu anayejua kitu ambacho wewe hujakiona.

Nyuma yangu, chini ya mti, kulikuwa na lile bwawa la plastiki la kujaza upepo. Halikuwa na mtoto ndani, tushukuru. Lilikuwa na maji, majani, na ndoo moja ndogo.

Ukingo ulinipiga nyuma ya magoti. Nilikaa. Nilikaa kwa kishindo ambacho maji yalipanda juu, yakasimama kidogo yakafikiri, kisha yakanirudia yote kichwani. Na katika ule ukimya kabla watu hawajacheka, ulisikika mshono wa nyuma wa kaptura yangu ukiachia, mrefu, bila haraka, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikasimama. Hilo ndilo kosa ambalo klipu imelitendea haki. Nilisimama nikageuka kutafuta ndoo imenikwama wapi, nikawapa mgongo uwanja mzima, bata wote wa chupi yangu hadharani. Mama mkwe alipuliza filimbi ndefu. Kisha akaanza kuchunguza matawi ya mti.

Mengine mafupi: sikuumia, mabuti yalianikwa, nikafungwa taulo kiunoni, bwawa limezibwa kiraka.

Sasa rudini kwenye hoja. Kitambaa chekundu kilikuwa wapi? Kilikuwa upande wetu, kimepita mstari, kimepita mita 4, kimekuja mpaka karibu na bwawa. Nililiweka shauri hilo mbele ya refa nikiwa na taulo langu, nikidai ushindi. Hakuweza kunitazama usoni, akaniambia niongee na nahodha wao.

Nahodha akasema, "Sawa Baba, mmeshinda." Kisha wakagawana zawadi wao kwa wao.

Marudiano yamekubaliwa. Wenzangu wa timu wameshakutana bila mimi na kuchagua nanga mwingine. Mimi nimepewa filimbi.