Kuweka 28 hakuharakishi joto

Hili linanikera kila msimu wa baridi. Mtu anaingia ndani anatetemeka, anakwenda moja kwa moja kwenye kidhibiti joto na kukipandisha hadi nyuzi 28, eti nyumba ipate joto haraka. Haipati! Hita nyingi za nyumbani hutoa joto kwa kasi ileile, uweke 20 au 28. Tofauti ni kwamba kwenye 28 haizimi mapema. Baada ya saa moja watu wanatokwa jasho, na badala ya kupunguza, wanafungua dirisha. Dirisha! Joto tulilolilipia lote linakwenda nje.

Na ule upenyo chini ya mlango nimeusema tangu mwaka jana. Hewa ya moto hupanda na kutorokea darini, kisha ya baridi inavutwa ndani kupitia huko chini. Kuuziba kwa utepe wa mpira ni kazi ndogo tu. Sofa nayo imesukumwa mpaka kwenye radieta, inazuia joto lisienee chumbani.

Jamani, vaeni sweta kwanza. Fungeni mapazia jua likizama. Hapo ndipo mkiguse hicho kidhibiti, maana bili ikija naikabili peke yangu.