Chanjo ya malaria au vyandarua: pesa ziende wapi?

Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) lipendekeze chanjo ya RTS,S Oktoba 2021, kisha R21 Oktoba 2023, wapangaji wa bajeti za afya Afrika wana swali gumu: waongeze chanjo, au walinde kwanza fungu la vyandarua?

Wanaoitetea chanjo wana ushahidi. Ghana, Kenya na Malawi zilianza kuitoa RTS,S kwa majaribio mwaka 2019, na katika maeneo hayo vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Ukikumbuka kwamba takriban asilimia 95 ya vifo vya malaria duniani hutokea kanda hii, hayo ni maisha ya watoto wengi mno. R21 nayo imeshusha gharama hadi dola 2 hadi 4 kwa dozi, na huja ikiwa tayari kuvutwa kwenye sindano. RTS,S inabidi mhudumu achanganye kwanza unga na kimiminika, kisha kichupa cha dozi mbili kitumike ndani ya saa 6; kwenye zahanati yenye watoto wachache, dozi ya pili humwagwa.

Upande wa pili una hoja nzito vilevile. Chanjo hizi hupunguza ugonjwa, haziukomeshi, na kinga yake hushuka kadiri miezi inavyopita. Ndiyo maana kuna dozi ya nne, na hapo ndipo mambo huharibika. Ratiba ambayo Kenya ilianza nayo ilikuwa miezi 6, 7, 9 na 24. Dozi ya tatu huangukia siku ya chanjo ya surua, kwa hiyo mama anakuja. Surua ya pili ni miezi 18. Baada ya hapo hana chanjo nyingine ya kumrudisha kliniki. Mtoto anakimbia, ana afya, na kadi inasahaulika. Kuisogeza dozi ya nne ikutane na surua ya pili kunampunguzia mama safari nzima, na WHO inaruhusu ratiba kurekebishwa.

Vyandarua navyo vina udhaifu wake. Mbu wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa ya kuua wadudu iliyozoeleka kwenye vyandarua. Utafiti wa Misungwi, Tanzania, ulionyesha kuwa vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na dawa nyingine, klofenapiri, vinakinga watoto vizuri zaidi, ila vinagharimu zaidi. Kampeni za ugawaji huja kila baada ya miaka mitatu, na vingi huwa vimeshatoboka kabla.

Kwa maoni yetu, kukata fungu la vyandarua ili kununua chanjo ni hasara, kwa sababu aliyechanjwa bado anaumwa na mbu yuleyule. Penye uwezo wa kuongeza chanjo juu ya vyandarua, iongezwe bila kusita, mradi rejista ya zahanati ioneshe kila mwezi ni nani hajarudi kwa dozi ya nne, na orodha hiyo apewe mhudumu wa afya ya jamii awafuate nyumbani. Taarifa inayohesabu dozi ya kwanza peke yake haituambii ni watoto wangapi wanaendelea kukingwa.