Mwalimu, usiniambie kamba itakatika lini

Juzi tukinywa chai Kisongo, karibu na uwanja wa ndege, kijana mmoja anayejifunza urubani aliniuliza swali ninaloulizwa kila nikitaja kwamba nilijifunza kurusha ndege zisizo na injini nilipokuwa masomoni Ujerumani: "Kaka, sasa ile kamba inayoivuta ndege ipae ikikatika?"

Inakatika, mdogo wangu. Tena kuna kipande cha chuma hufungwa pale makusudi kikatike kabla ndege haijaelemewa. Winchi, mashine ya kuvutia, inakaa mwisho wa uwanja, kama kilomita moja mbele yako, inavuta waya, ndiyo hiyo kamba, nawe unapanda pua ikiwa juu nyuzi 45 hivi. Kukatika kwenyewe hakuui. Zinazoua ni zile sekunde mbili za "eh, nini tena?"

Piga hesabu. Unapanda kwa kilomita 100 kwa saa. Waya ukiachia na pua ikabaki palepale juu, kila sekunde inakula mwendo wa kama kilomita 25 kwa saa. Mbili zikipita, mabawa hayakubebi tena. Kwa hiyo mkono unasukuma usukani mbele kwanza, kabla hata ya kuvuta kile kishikio cha njano cha kuachia kipande cha waya kilichobaki.

Halafu kuna mtego. Ukisukuma, mwili unakuwa mwepesi, vumbi la sakafuni linapaa hadi usawa wa macho (kalamu yangu ilishawahi kutoka mfukoni yenyewe), pua inaonekana imekaa sawa, unajiona umepona. Bado! Mwendo haujarudi. Ukikata kona au ukifungua breki za mabawani wakati huo, ndege inajipindua, na ardhi iko karibu. Mwalimu wangu, mzee mkali kweli, alikuwa akifunika mkono wangu kwa wake mpaka sindano ya mwendo ipande.

Mzee yule hakunitangazia zoezi hata siku moja. Aliniuliza tu kabla ya kuruka: ikikatika chini unafanya nini, ikikatika katikati je? Kisha kimya. Waya aliuachia alipotaka yeye.

Kijana wangu yeye huambiwa mapema: "Leo tutazima injini." Hapo unapima utii, si urubani. Naelewa hofu ya walimu. Mazoezi ya aina hii yakifanywa chini mno yameshaangusha ndege, kwa hiyo kimo achague mwalimu, asibahatishe. Na mpango uwe wa uwanja uliopo. Arusha tuko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Moshi kama 850. Hewa ya huku ni nyepesi, injini inachoka mapema, na njia iliyobaki mbele yako si ileile.

Jana usiku kijana kaniandikia. Amemwomba mwalimu wake asimwambie siku. Kajibiwa, "Tutaona."