"Kijana, tumechelewa"

Jumanne jioni mvua ilinyesha Nairobi, na mnajua mvua ikinyesha nauli huota mbawa. Kwa hivyo makanga alipoita "Githurai hamsini, hamsini!" tulikanyagana mlangoni kama watu waliopewa zawadi. Tulipofika Pangani, mlango umeshafungwa, hamsini ikawa mia.

Mbele yangu alikuwa mama wa umri wa nyanya yangu, na kiroba cha vitunguu. Alifungua fundo la leso yake, akatoa hamsini, akamwonyesha makanga kwamba humo ndani hamna kitu kingine. Makanga akagonga bodi. Gari likasimama kabla ya Muthaiga, mama akateremshwa mvuani yeye na vitunguu vyake.

Lakini hata hilo silo lililoninyima usingizi. Makanga ni makanga. Kijana mmoja dirishani kando yangu, begi magotini, alisema, "Si uliita hamsini?" Sauti ilimtetemeka kidogo. Makanga hakuhangaika hata kumjibu. Aliyejibu ni mzee mmoja wa suti: "Kijana, tumechelewa." Dada mmoja akadakia, "Kama ana huruma amlipie." Watu wakacheka. Kijana akageukia kioo.

Na mimi? Nilikuwa na noti ya mia mbili mfukoni na simu mkononi. Nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu, ambako jioni hiyo serikali ilikuwa inakaangwa bila mafuta. Nikaweka emoji ya moto. Mzalendo kweli kweli.

Msiniambie ni shilingi hamsini tu. Nchi hii tumezoea kulaumu wakubwa kwamba wametuziba midomo, na wametuziba, sikatai. Ila matatu ile haikuwa na askari wala rungu. Ilikuwa na makanga mmoja mwembamba na abiria thelathini na kitu, na aliyeuliza swali alinyamazishwa na abiria. Kazi ya makanga tulimfanyia sisi, na nauli tukamlipa juu.

Nikikumbuka akina mama wa Freedom Corner huwa nashikwa na aibu. Tarehe 28 Februari 1992 walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao, wafungwa 52 wa kisiasa, kisha wakaketi Uhuru Park, wakagoma kula. Wengi wao ni wazee wa mashambani ambao hakuna aliyewahi kuwaita wanaharakati. Machi 3 polisi wakaja na gesi na marungu. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa ameketi nao, akapigwa hadi akazimia. Baadhi ya mama wale wakavua nguo mbele ya askari wenye umri wa watoto wao, na anayejua mila anajua hiyo ni laana ya namna gani.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hukomea. Mimi hunigusa zaidi yale yaliyofanywa na watu wengine, wale ambao hawakuwa na mtoto jela. Walifika pale bustanini, wakasikiliza, kisha mmoja akasimama akaeleza alivyoteswa. Mwingine akasimama. Mambo ya Nyayo House, jengo la serikali lililokuwa na vyumba vya mateso, yaliyokuwa yakinong'onwa jikoni, yakasemwa mchana mbele za watu. Baada ya kipigo, kanisa la All Saints likawafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 karibu wafungwa wote walikuwa nje. Mama wale walianza, lakini kama kila aliyepita Uhuru Highway angewaambia "akina mama, tumechelewa," wangezikwa na madai yao.

Kwa hiyo simdai mtu ushujaa. Mimi mwenyewe sina. Ninachosema ni kwamba mtu wa kwanza akishasema, wajibu ni wa wa pili, na wa pili hana kisingizio kikubwa. "Kweli, uliita hamsini." Maneno matatu. Angesema mzee wa suti, ningesema mimi, sijui kama yule mama angeshuka.

Sawa, kusema kuna gharama. Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulitupwa Juni 26, 2024, na kuna nyumba ambazo watoto waliotoka kuupinga hawakurudi. Simwambii mzazi yeyote amtume mwanawe barabarani. Lakini tusijifiche nyuma ya makaburi ya vijana hao tukiwa kwenye matatu, kwa sababu ya shilingi hamsini.

Na wale wa "funika kombe mwanaharamu apite": nimesubiri miaka arobaini na mmoja. Hapiti. Amehamia, anatuuliza chakula kitaiva saa ngapi.

Kijana alishuka Roysambu. Alipoinuka nilitaka kumwambia kitu, chochote. Nikakunja magoti, akapita.