Anwani iwe ya mwisho

Kuna makala niliyosoma inayotuhimiza tuandike ushauri wa waliotutangulia na kuubandika ukutani. Sawa, ila wangu haungedumu ukutani hata wiki. Naukumbuka kwa sababu umekaa kwenye vidole.

Msimamizi wangu wa kwanza kazini, mama mmoja mkimya, alinikuta naigonga kibodi kana kwamba inanidai. Nilikuwa namjibu kwa barua pepe mwenzangu aliyenilaumu mbele za watu kwa kosa lisilo langu. Hakuniuliza kitu. Aliinama, akafuta anwani ya mpokeaji, akasema, "Andika yote, mwanangu. Anwani iwe ya mwisho, tena iwe kesho." Akaenda zake.

Kesho yake nilisoma nikakuta aya nne za matusi ya kistaarabu na mstari mmoja tu wa maana. Nikatuma huo mstari. Jamaa aliomba radhi kabla ya saa sita.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Abraham Lincoln, rais wa Marekani, Julai 1863, alimwandikia kamanda wake, Jenerali Meade, barua kali baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha hakuituma kamwe. Ilibaki kwenye makaratasi yake. Kumbe mbinu ni ya zamani, ingawa Lincoln hakuwa na kitufe cha kutuma kinachomkonyeza.

Kwenye simu, nakiri, ushauri huu hunishinda, maana jina la mtu lipo juu kabla sijagusa herufi. Huwa naandika kwanza pembeni. Wiki iliyopita nilisahau, na mpaka leo hatujasalimiana.